Vipofu wa Kisima Changu

4 Machi

Daftari hili mwanangu alilinunua aandikie hesabu za wateja wake wa kuchomelea mageti. Akaandika kurasa mbili akaacha, kama anavyoacha kila kitu. Nimezichana hizo mbili. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na la nne la enzi zetu si la sasa, kuandika najua. Humu nyumbani nikisema neno naambiwa, "Mama, basi." Daftari haliwezi kuniambia basi.

Leo nimetukanwa kwangu, mchana kweupe.

Asubuhi kaja binti mmoja, buti za mpira, mkoba mgongoni. Kasalimia vizuri, shikamoo yake ya kujitosheleza, nikampa kiti. Kumbe salamu ina mkia. Katoka chuoni, anapita kwenye visima vya mtaa kutazama wanyama wanaoishi kwenye maji ya chini ya ardhi.

"Wanyama gani?"

"Wadogo tu, bibi. Wanaishi visimani."

"Visimani mwa watu wachafu," nikamwambia. "Changu kinafunikwa. Ndoo yake haikai chini, kamba yake naifua."

Kacheka. Mimi sikucheka. Nikamruhusu ili aibu imrudie mwenyewe. Katoa wavu kama soksi, mdomoni una duara la chuma, mkiani una kichupa. Kauteremsha mpaka chini kabisa, kauchezesha kama anayetwanga, kaupandisha taratibu. Kaomba sahani nyeupe. Nikampa, mjinga mimi. Kamimina.

Vilikuwemo. Vijidudu vyeupe, kama vitoto vya kamba wa baharini, vyembamba kama kucha iliyokatwa, vinaogelea kwa ubavu. Mkamwana wangu, ambaye kufagia hawezi ila kupiga yowe anaweza, akapiga yowe na geti liko wazi: "Mama! Ndio tunakunywa hivi?"

Nikamwambia yule binti akunje wavu wake aende. Sahani nimeisugua kwa majivu mpaka ua lake limefutika.

5 Machi

Sijasema na mkamwana. Naye hajauliza kwa nini.

7 Machi

Nusu ya mtaa huu inateka maji kwangu, bure, tangu wengi wao hawajazaliwa. Sharti langu ni moja: usalimie, na ukimwaga ufagie. Bomba la watu wote liko juu mlimani, na siku linapotoa maji haijulikani. Basi watu hao hao wanaokunywa kwa hisani yangu, leo wamefika na ndoo zao wakinichekea usoni.

"Bibi Kamba, hujambo? Leo kamba wanauzwaje?"

"Mimi nichotee upande wa maji, bibi, nyama nitajinunulia."

Bibi Kamba! Nimemnyang'anya mmoja ndoo nikaimwaga. Alicheka zaidi.

Jioni kavuka kivyele wangu, baba yake mkamwana. Nyumba yake iko upande wa juu, ukuta wetu ni mmoja. Kiangazi kilichopita alijenga vyumba vya kupangisha, safu nzima, na tangu hapo hatembei, anajitembeza. Kivyele hajibiwi ovyo, mwanawe yuko jikoni kwangu, kwa hiyo nilikaa nikamsikiliza kama redio.

"Kivyele, pole kwa hayo ya kisima. Kila kitu ni ujenzi. Tazama choo changu. Wapangaji wamejaa, na shimo halijapanda hata kiganja. Halijai, Kivyele! Lile litatuzika sisi na wajukuu wetu."

"Hongera, Kivyele," nikasema, na jino likaniuma kwa husuda. Letu linanyonywa kila mwaka, lori linasimama mlangoni na mtaa mzima unaziba pua.

11 Machi

Mwanangu kaja na kopo la klorini ukubwa wa kichwa chake. "Mama, nimwage lote, tuwamalize, aibu iishe." Nikamwambia amwage. Kashafungua kopo, geti likagongwa: yule binti tena. Mtaa mzima sasa unamwita Binti Wavu, hata watoto.

Alipoliona kopo alikimbia na mkoba wake mgongoni, akaweka mkono juu ya kisima kama mtu anayemziba mtoto mdomo.

"Bibi, kabla hamjawaua, watazame kwanza. Mara moja tu."

Kanipa kioo cha kukuzia. Nikainama kwa kuwa nilitaka kumaliza maneno. Nikaona. Miguu mingi imepangwa vizuri, mafundo ya mgongo, masharubu mawili yanapapasa mbele. Mwili unapenya mwanga, utumbo unauona. Nikatafuta macho.

"Macho yake yako wapi?"

"Hawana. Huko chini hakuna mwanga, bibi. Macho ya nini?"

"Na wanakula nini, hao vipofu?"

"Uchafu unaoshuka na maji. Wanapita katikati ya mchanga, wanakwangua utando, wanaacha njia maji yapite. Wanaishi miaka na wanazaa kidogo. Maji yakikosa hewa, au uchafu ukizidi, wao ndio wa kwanza kufa au kuhama. Nimepima visima vya mtaa mzima, wengi kama hawa nimewaona hapa kwako tu. Ina maana huko chini kwako bado kuna uzima. Hiyo dawa itawaua wote, na hutakuwa na wa kukuambia kilichoko chini."

Wengi kama hawa, kwangu tu! Nikamgeukia mwanangu. "Umesikia? Funika kopo lako. Unataka kuua viumbe vya watu vilivyokuwa vinafanya kazi wewe umelala?"

"Mama, si umesema nimwage?"

"Nilisema lini?"

Binti Wavu akaongeza maneno kwamba vipofu si cheti, maji ya kunywa yachemshwe tu, maana vijidudu vya ugonjwa ni vidogo kuliko hawa na havikai kwenye wavu. Watu wa chuo hawakosi kuongeza.

15 Machi

Mvua imeanza. Bati la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana. Na mwanangu ni fundi wa kuchomelea.

19 Machi

Nimewaambia wote waliokuja kuteka: mtu wa chuo amepima, kisima kizima ni hiki. Yule aliyeniita Bibi Kamba nimemwonyesha vipofu kwenye glasi, nikamwambia, "Hawa wana adabu kukuzidi wewe, wanakula kimya." Akateka akaenda. Wanawake wawili wamehama kisima cha huko juu wamekuja kwangu. Naona sasa yule binti amelelewa vizuri.

22 Machi

Nimemkuta mkamwana anachemsha maji ya mtoto. Mjukuu wangu ndiyo kwanza anasimama kwa kushika ukuta, anakunywa kama ndama.

"Unachemsha nini?"

"Maji, mama."

"Ya wapi?"

"Ya kisimani."

"Kisima changu kimesifiwa na chuo, wewe unakipikia kama dawa ya tumbo? Unataka wapite waone moshi waseme hata mkamwana wake hayaamini?"

"Yule dada alisema tuchemshe, mama."

"Yule dada hakukulipia mkaa."

Nikayamwaga. Nikamchotea mtoto maji mabichi, baridi, kutoka kwenye mtungi wangu. Mkamwana akaenda kukaa uani, kanipa mgongo. Huyu binti ana mgongo wenye kiburi. Nilimwambia mwanangu tangu posa.

26 Machi

Mvua. Nguo hazikauki.

27 Machi

Mvua.

2 Aprili

Maji ya kisima yamepanda. Masika ya zamani nilifurahi yakipanda, kamba inakuwa fupi. Binti Wavu kaja kalowa, kateremsha wavu wake. Sahanini vipofu wamepungua, ni wa kuokoteza. Katikati yao mnyoo mwekundu, unajikunjakunja, na viluwiluwi vya mbu.

"Huyu si wa chini," akasema, na uso wake haukunipendeza. "Huyu ni wa kwenye matope na maji machafu. Anastahimili pasipo na hewa. Bibi, kuna maji ya juu yanaingia kisimani kwako. Mnachemsha?"

"Mnyoo mmoja," nikamwambia. "Hata nyumba nzuri mjusi huingia."

Ameondoka anatingisha kichwa. Naandika haya na hasira. Mwezi mmoja uliopita kisima kilikuwa kizima, leo kwa mnyoo mmoja kigonjwa. Wasomi hawana msimamo.

8 Aprili

Mtoto anaumwa.

10 Aprili

Sasa nina nafasi ya kuandika, wamelala hapa zahanati.

Alianza kuharisha juzi alfajiri, maji matupu. Nikasema ni meno. Kufika adhuhuri macho yameingia ndani, utosi umebonyea kama tunda lililooza, na alipolia hakukutoka chozi. Mimi nimelea sita, utosi naujua. Sikusema meno tena. Tulitoka mbio na mvua, mwanangu kambeba mtoto ndani ya koti, mkamwana pekupeku, mimi nyuma nikiwatukana wote wawili waende haraka.

Zahanati imejaa. Watoto watano wa mtaa wetu, wote hali ileile, mama zao wote ndoo zao nazijua kwa rangi. Muuguzi kamtafuta mjukuu wangu mshipa mkononi, hakuupata, kautafuta mguuni, kaupata. Maji ya chumvi yakaanza kudondoka kwenye mpira, tone, tone. Akauliza, "Mtoto anakunywa maji ya wapi?"

Mwanangu akasema, "Kisimani kwetu."

"Yanachemshwa?"

Hapo mwanangu alinitazama. Muuguzi naye akanitazama. Nilimtazama mkamwana, nikijua sasa ndiyo zamu yake, mwezi mzima nimemlisha maneno na leo ana mashahidi. Yeye alikuwa amemshika mtoto mguu ili asing'oe sindano. Akasema, "Ni mimi dada, nilizembea."

Nikatoka nje nikasimama kwenye mvua. Nilimwona mlinzi wa zahanati amekaa tu, nikamgombeza kwa nini mfereji wa mbele umeziba. Alichukua jembe.

Leo mtoto amekojoa. Muuguzi kasema akikojoa amepona. Sijawahi kufurahia kuloweshwa kiasi hicho.

12 Aprili

Tumerudi na mtoto. Na kabla sijavua viatu, mwenyekiti wa mtaa kafika na watu wake na mnyororo.

"Bibi, pole na mgonjwa. Lakini kila mtu anajua, kisima chako kina wadudu. Wewe mwenyewe umewaonyesha watu kwenye glasi."

"Wale wadudu ndio wanaosafisha!"

"Watoto watano, bibi."

Mwanangu, aliyekitengenezea kisima mfuniko wa chuma kwa mkono wake, ndiye aliyewashikia mnyororo wakaufunga. Nje nilisikia, "Si nilisema? Kamba." Ndoo walizokuwa wakitekea kwangu wamezibeba juu mlimani bila hata kuaga. Nimefunga geti. Mtu asiniletee pole.

13 Aprili

Mvua. Nimemwona mkamwana anapandisha mlima na madumu mawili. Hakuniambia anakwenda.

16 Aprili

Nilimwambia Binti Wavu asikanyage kwangu. Akakanyaga. Kanikuta nimekaa jikoni, kachutama mbele yangu na matope yake.

"Bibi, nikasirikie baadaye. Nimezunguka visima vyote leo. Nisikilize."

Akanichorea kwa kijiti cha mkaa sakafuni, nikamwacha. Visima vya mbali, upande wa chini: vipofu wapo, wachache kama kawaida yao. Kisima changu: wameisha, mnyoo umejaa. Kisima cha jirani wa pili: hivyohivyo. Kadiri unavyopanda kuelekea ukuta wa juu, wavu unazidi kutoka na minyoo myekundu. Kisha kijiti chake kikasimama kwenye vyumba vya kivyele wangu.

"Kuna nini pale?" akauliza, kama vile hajui.

Mtaa huu vyoo vyote vinachimbwa na mtu mmoja, tunamwita Fuko. Nikamtuma mwanangu amlete. Fuko kaja kavua kofia, kasimama mlangoni, na nilipomuuliza juu ya shimo la kivyele akaanza kutazama dari.

"Fuko, mimi nilikutahadharisha usioe yule mwanamke, ulinisikiliza?"

"Hapana, bibi."

"Basi leo nisikilize. Ulichimba mpaka wapi?"

"Mpaka maji, bibi." Akageuza kofia. "Udongo ukianza kulowa, desturi unaacha. Mzee akasema endelea, nakuongezea. Nikachimba kiangazi kile mpaka maji yakanifika magotini. Shimo likigusa maji halijai, wenye nyumba wote wanalitaka hivyo. Ndiyo sifa yake."

"Na uchafu unakwenda wapi, Fuko?"

Alifikiri kweli. Nilimwona anafikiri kwa mara ya kwanza. "Unakwenda tu, bibi."

Unakwenda! Umepita chini ya ukuta wangu! Binti Wavu akasema kiangazi maji ya chini yanakuwa yameshuka, mvua ikija yanapanda, yanaingia ndani ya shimo lenyewe, yanabeba. Ndiyo maana limetokea sasa. Vipofu waliliona kabla yetu. Waliondoka au walikufa, mmoja mmoja, na mimi nikasema mjusi.

Ile husuda niliyolionea lile shimo natamani kuitapika.

17 Aprili

Nimevaa khanga mpya, nimekwenda kwa kivyele. Mambo ya ukwe yana njia yake. Nikauliza hali, nikauliza mguu wake, nikauliza wapangaji. Nikanywa chai yake. Ulimi wangu niliukalia kama kuku anayeatamia.

"Kivyele," nikasema, "lile shimo lako limetufikia."

"Limefikaje na lina ukuta?"

Nikamweleza yote, taratibu, kwa adabu ambayo hata marehemu mume wangu hakuwahi kuipata. Akacheka akapiga paja.

"Kivyele, umeacha kuogopa wadudu wako unaogopa shimo langu! Shimo limekaa kimya, halinuki, halijai. Lako linalonuka kila mwaka ndilo la kushitakiwa."

"Mjukuu wetu alikuwa anakufa, Kivyele."

"Meno," akasema. "Watoto ni meno."

Nikaaga vizuri. Nimefika kwangu nimevunja kikombe.

19 Aprili

Bomba la mlimani halikutoa. Mkamwana karudi na madumu matupu, akayaweka chini polepole. Mimi ningeyatupa.

21 Aprili

Leo nimekaa nimemtazama anavyochemsha maji. Anasubiri yachemke hasa, si mvuke tu. Anayafunika, anayaacha yapoe, anaosha kikombe cha mtoto kwa maji yaleyale. Kumbe hivi ndivyo alivyokuwa akifanya siku ile nilipomwaga. Kufagia bado hawezi.

24 Aprili

Watu wananung'unika. Wanaotaka kisima kifunguliwe ni walewale waliotaka kifungwe. Mlima umewafundisha.

29 Aprili

Leo waliujaza uwanja wangu. Mwenyekiti, kivyele kwenye kiti kizuri kuliko vyote, wenye ndoo, Fuko nyuma ya mti wa kuanikia nguo, Binti Wavu kwenye kizingiti. Mvua ilikuwa imepumzika.

Mwenyekiti akasimama na tabasamu. "Bibi yetu, tumekutafutia njia. Kila Jumamosi kijana wa afya atamwaga klorini kisimani. Vijidudu vinakufa, hao weupe wanakufa, minyoo inakufa, maji yananukia usafi. Kisima kinafunguliwa leo. Jina lako linarudi. Na kivyele wako haguswi, ana wapangaji, hatuwezi kuwatoa watu nje. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Wakapiga makofi. Mwanangu kashapewa ufunguo tayari, meno yote nje. Na mimi, nisidanganye, moyo uliruka. Tangu mnyororo ule nilikuwa nataka kusikia neno moja tu: kifunguliwe.

Nikamwita Binti Wavu. "Hiyo dawa inatosha?"

"Dawa ni nzuri, bibi, inaua vijidudu vya ugonjwa. Lakini uchafu ukiendelea kuingia kila saa, dawa inaisha nguvu, na siku gani imeisha hamtajua. Na huko chini hakitabaki kiumbe cha kuwaambia."

"Kwa hiyo," nikamwambia mwenyekiti, "unanipa choo kilichopakwa manukato."

"Bibi, lugha."

"Lugha gani? Shimo lipo, linamwaga, nanyi mnataka kuwaziba mdomo waliokuwa wanasema! Wasio na macho waliona, ninyi wenye miwani mnapiga makofi. Hapana. Kisima hakifunguliwi. Mwanangu, lete huo ufunguo."

"Mama, basi..."

"Lete!"

Nikautia kifuani. Kelele zikaanza, bibi mchoyo, bibi kichaa, jana alilia kufungiwa leo anajifungia. Kivyele akainuka, akanyoosha shati, akasema kwa sauti ile ya upole inayoudhi: "Mwacheni. Kivyele wangu amezeeka. Shimo langu halina neno."

Ndipo mkamwana alipotoka jikoni. Mtoto kiunoni. Hakupiga yowe. Nilidhani yowe ndiyo sauti pekee aliyonayo.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, mwanangu amekunywa choo chako."

Akamhamishia mtoto kiuno cha pili.

"Nimemnywesha mwenyewe," akaendelea, "kwa kikombe, asubuhi na jioni, bila kuchemsha. Nilizembea. Lakini kilichokuwemo kikombeni ni chako, baba."

Basi hapo nikashindwa. "Nani kakwambia useme uongo mbele ya watu?" nikamfokea. "Ulizembea wapi? Maji yaliyochemka niliyamwaga mimi! Kwa mkono huu! Mtu akitaka kusema ukweli auseme wote, asitoe nusu kama mwenyekiti!"

Mkamwana alinitazama, nami nikamtazama, halafu nikamwambia amfunge mtoto vizuri, ana baridi.

Kivyele alibaki amesimama. Alimtazama mjukuu wake, mtoto akamnyooshea mkono, maana anampenda, hajui lolote. Mzee yule hakumchukua. Aliketi. Kisha akaita, sauti yake imekauka, "Fuko. Kulijaza itachukua nini?"

"Kifusi, mzee. Na mchanga juu. Na jipya tulijenge juu ya tuta, lenye sakafu na kuta, lisishuke."

"Litajaa?"

"Litajaa, mzee. Kama ya watu wote."

3 Mei

Wanajaza. Malori ya kifusi yanapita tangu asubuhi. Wapangaji wa kivyele wanatumia choo changu mpaka jipya litakapokwisha, na hawajui kufunga mlango. Nimewaambia. Nitawaambia tena kesho.

Kivyele kanipita bila salamu. Si kitu. Atasalimia mvua ikikatika.

5 Mei

Nimemuuliza Binti Wavu vipofu watarudi lini. Akasema wakirudi watatoka upande wa chini, wanapita kwenye mchanga punje kwa punje, na wanazaa kidogo. Labda mwaka. Labda mingi. Na hata wakirudi, tuchemshe.

"Nimesikia," nikamwambia. "Husikii nasema nimesikia?"

Mwenyekiti kauliza tena juu ya ufunguo. Nimemwambia aulize wavu.

9 Mei

Leo nimechukua ndoo yangu nikapanda mlima. Mwanangu alisema niache, atanichotea. Tangu azaliwe ananiahidi bati.

Mkamwana alikuwa mbele na madumu yake, mtoto mgongoni. Njia imeteleza, mawe yote yamelowa. Nilisimama mara moja kupumua, nikajifanya natazama mfereji. Nilipoinua macho, alikuwa amesimama pale juu.

"Nenda," nikamwambia. "Mimi si mgonjwa."

"Najua, mama."

"Foleni itakupita."

"Itanipita."

Hakusogea. Nikapanda mpaka alipo, taratibu, na sikumwambia asante.